Kutunga Muziki wa Piano kwa Misingi ya Mughamu wa Azabajani: Mwongozo kwa Mpiga Piano wa Dar es Salaam

Mpiga piano aliyekulia Dar es Salaam huingia katika muziki wa Azabajani akiwa na akiba ambayo wapiga piano wengi wa Ulaya hawana. Amesikia taarabu harusini tangu utotoni, anaijua taksim ya kanuni au ya udi inayotangulia wimbo, na sikio lake halishtuki mwimbaji anapoichezesha silabi moja kwa muda mrefu kabla ya kuiachia. Kama amepitia kwaya ya kanisa, anajua pia sauti nne zinavyopangwa na besi inavyoshikilia zile za juu. Mwongozo huu ni wa mtu huyo: anayesoma noti, anayeweza kupiga vipande vya wastani vya Bach au Chopin, na ambaye angependa kutunga kipande chake mwenyewe cha dakika tano au sita, chenye nidhamu ya muziki wa kinanda wa Magharibi na mwenendo wa mughamu, sanaa ya Azabajani ya kuimba na kupiga kwa kutunga papo hapo.

Nitangulize msimamo ambao maelezo yote yanayofuata yanautegemea. Cha kuazima katika mughamu ni safari yake, yaani utaratibu wa kuanzia chini, kupanda kituo baada ya kituo hadi kileleni, kisha kurudi nyumbani. Ngazi ya sauti peke yake haitoshi. Watunzi wengi wageni huchukua ngazi hiyo, wakaitandika juu ya kodi za kawaida (yale mafungu ya noti zinazopigwa pamoja ambayo wapiga gitaa wetu wanayafahamu), na kinachotoka ni muziki wa kusindikiza ngamia katika filamu. Ngazi unaweza kujifunza kwa jioni moja, lakini safari huchukua miezi, na ndiyo itakayoamua kama kazi yako ina uhusiano wowote na Baku, mji mkuu wa Azabajani.

Kujua unachokiazima

Mughamu ni sanaa ya kutunga papo hapo ndani ya mipaka ambayo mwanafunzi huipokea kwa mwalimu wake kwa njia ya sikio. UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika mwaka 2003, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi huo wa binadamu. Kundi lake la kawaida lina watu watatu: mwimbaji, ambaye pia hushika qaval, ngoma bapa iliyo ndugu wa tari letu, mpiga tar, chombo chenye nyuzi kumi na moja kinachodonolewa, na mpiga kamancha, chombo cha kukwaruzwa kwa upinde ambacho sauti yake hukaribia sana koo la mwanadamu. Mashairi yanayoimbwa mara nyingi ni ghazali, na nyingi kati ya hizo ni za Füzuli, mshairi wa karne ya 16, aliyeandika kisa cha Laila na Majnun ambacho hata pwani yetu inakijua.

Mtu wa kwanza unayepaswa kumfahamu ni mtunzi Üzeyir Hacıbəyov. Mwaka 1908 opera yake ya Leyli na Majnun ilionyeshwa Baku, na ndani yake waimbaji waliimba mughamu halisi katikati ya okestra. Mwaka 1945 alichapisha kitabu cha misingi ya muziki wa watu wa Azabajani, ambamo alieleza mifumo saba mikuu: Rast, Shur, Segah, Shushtar, Chahargah, Bayati-Shiraz na Humayun. Kila mfumo aliupa hali yake. Rast huamsha ushujaa na uchangamfu, Segah hubeba mapenzi, Chahargah huleta msisimko, na Shushtar ni huzuni nzito.

Hapa msikilizaji wa taarabu anahitaji tahadhari. Majina Rast, Segah na Bayati atayakuta pia kwa mafundi wa kanuni na udi wa kwetu, ambao maqamu zao, yaani mifumo ya sauti ya Kiarabu, zilipitia Misri, na atashawishika kudhani kwamba tayari anazijua. Si hivyo. Rast ya Kiarabu ina noti ya tatu iliyo katikati ya vifunguo viwili vya piano, wakati Rast ya Azabajani, kwa namna Hacıbəyov alivyoiandika, noti yake ya tatu ni kubwa kama ile ya meja. Bayati ya taarabu na Bayati-Shiraz ni vitu viwili. Tumia mazoea yako ya taarabu kama adabu ya kusikiliza, lakini usiyageuze kuwa kamusi.

Kusikiliza kabla ya kuandika

Chagua mfumo mmoja tu. Mimi ningemshauri anayeanza achague Shur au Rast, na aiache Segah mpaka kazi ya pili au ya tatu, kwa sababu nitakazozieleza baadaye. Tafuta rekodi za kundi la watu watatu bila piano, kwa mfano za mwimbaji Alim Qasımov, na usikilize mfumo huohuo kwa waimbaji tofauti mpaka uweze kutambua kipi hubaki kilekile na kipi hubadilika. Unaposikiliza, usiandike mahadhi. Andika mambo matatu tu: noti ambayo kila sehemu inaizunguka, urefu wa mahali sauti ilipofika, na namna mwimbaji anavyofunga sehemu kabla ya kuhamia nyingine.

Utagundua kwamba kila sehemu ina makao yake. Katika Rast, baada ya utangulizi uitwao Bardasht, huja Maye ambayo ndiyo nyumba ya mfumo mzima, kisha Ushshaq, Huseyni, Vilayati na nyinginezo, mpaka Araq ambako sauti iko juu kabisa. Waazabajani huita eneo la chini bam na eneo la juu zil, na mwimbaji mahiri hupimwa kwa namna anavyoifikia zil bila kuikimbilia. Mchoro wako wa penseli wa vituo hivyo ndio utakuwa mifupa ya kipande chako.

Wakati huohuo wasikilize waliotangulia kufanya unachotaka kukifanya. Fikrət Əmirov, mwana wa mpiga tar, alitunga mwaka 1948 kazi mbili za okestra, Shur na Kürd-Ovşarı, ambamo alifuata mpangilio wa sehemu za mughamu badala ya kuzilazimisha ndani ya umbo la Kizungu. Qara Qarayev, mwanafunzi wa mtunzi Mrusi Shostakovich, aliandika prelude 24 za piano ambazo zinafaa kusomwa kifunguo kwa kifunguo. Huyuhuyu ndiye aliyetunga baleti iliyoonyeshwa mwaka 1958 kutokana na riwaya ya Peter Abrahams kuhusu ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, jambo ambalo wapenzi wa muziki wa kwetu hawalitaji vya kutosha. Vaqif Mustafazadə, aliyefariki mwaka 1979 akiwa hajafika miaka arobaini, alipeleka mughamu kwenye jazi kwa piano, na mkono wake wa kulia ni shule tosha ya urembo wa noti.

Ngazi isiyojirudia kila oktava

Hili ndilo jambo ambalo mpiga piano hukwama nalo, kwa hiyo nitalikalia. Tumezoea kwamba ngazi ya sauti ikifika noti ya nane inaanza upya vilevile. Mifumo ya Hacıbəyov kama Shur, Rast na Segah hujengwa kwa namna nyingine: mafungu ya noti nne nne huungwa kama mnyororo, noti ya mwisho ya fungu moja ikiwa ndiyo ya kwanza ya fungu linalofuata. Matokeo yake ni kwamba noti yenye jina lilelile inaweza kuwa na sura moja chini na sura nyingine juu.

Chukua Shur. Fungu la kwanza ni A, B, C, D. La pili ni D, E, F, G. La tatu ni G, A, B-flati, C. Nyumba yake ni D, noti ya nne kutoka chini. Tazama kwamba B iliyo chini ya nyumba ni B ya kawaida, na ile iliyo juu ni B-flati. Katika Rast mafungu ni D, E, F-shapu, G. Kisha G, A, B, C. Kisha C, D, E, F. Nyumba ni G, na chini yake kuna F-shapu wakati juu kuna F ya kawaida. Segah hufuata mantiki hiyohiyo: B, C, D, E. Kisha E, F, G, A. Kisha A, B-flati, C, D. Nyumba yake ni E.

Sasa fikiria mazoea ya vidole vyako. Mpiga piano akitaka ukubwa wa sauti hupiga noti moja kwa oktava mbili kwa pamoja, na akitaka kurudia wazo hulishusha au kulipandisha oktava nzima. Katika Shur, ukishusha kishazi chenye B-flati ya juu oktava moja, umeingiza chini ya nyumba noti ambayo mfumo hauna, na msikilizaji wa Baku atahisi kwamba umehama mfumo bila kuaga. Kwa hiyo weka kanuni hii tangu ukurasa wa kwanza: rudufu kwa oktava zile noti tu ambazo hazibadiliki, ambazo katika Shur ni kama D, G na A, na noti inayobadilika ibaki sauti moja mahali pake. Ukitaka kurudia kishazi kwa uzito zaidi, kirudie palepale kwa mguso mzito, au kihamishe kwa hatua ya nne kwenda juu, ambako mnyororo wenyewe unakupa fungu lenye umbo lilelile.

Zoezi linalofaa ni kupiga mnyororo wote wa noti kumi, kwa mkono mmoja, kupanda na kushuka, ukisimama kila mara kwenye nyumba kutoka juu na kutoka chini, mpaka mkono usahau kuipiga kama meja au maina. Piga pia kwa kuanzia D nyingine au kwa kuhamishia nyumba kwenye noti nyingine, kwa sababu hapo ndipo utakapojua kama umeuelewa muundo au umekariri vifunguo.

Noti zilizo katikati ya vifunguo

Tar ina vizuizi vya nyuzi ambavyo haviangukii kwenye hatua 12 za piano, na swali la kwanza la kila mpenzi wa taarabu ni namna ya kuzipata noti hizo. Vinanda vya umeme vinavyotumiwa na bendi za taarabu ya kisasa mara nyingi huruhusu kifunguo kimoja kimoja kishushwe robo toni, na vinafaa kwa kulea sikio. Kwa kazi ya piano, hata hivyo, ninapendekeza ukubali hatua 12 zilizopo, kama Hacıbəyov na waliomfuata walivyokubali. Mahali ambapo mwimbaji angeinyonga noti, piga upesi noti ya jirani ya juu kabla ya noti yenyewe, au pokezana vifunguo viwili vinavyopakana kwa wepesi sana na pedali nusu. Sikio litajaza lililobaki.

Mengine ya tar na kamancha huhamia kwa urahisi zaidi. Mdonoo wa haraka wa tar juu ya uzi mmoja huwa noti inayorudiwa kwa kubadilishana vidole, cha tatu, cha pili na cha kwanza, kiganja kikiwa kimelegea. Nyuzi zake zinazovuma bila kushikwa huwa noti moja ya chini inayopigwa tena kila inapokaribia kufa. Kamancha ndiyo ngumu, kwa sababu piano haiwezi kukuza sauti baada ya kuipiga, na dawa yake ni kuandika vishazi vifupi vinavyoshuka badala ya noti ndefu. Firəngiz Əlizadə, mtunzi aliyezaliwa Baku mwaka 1947, alikwenda mbali zaidi: katika moja ya kazi zake za piano aliagiza mkufu wa shanga za kioo ulazwe juu ya nyuzi za katikati ili zitoe mlio unaofanana na tar. Ni jambo la kuvutia, ila usilijaribu kwenye piano ya kanisa bila ruhusa ya mwangalizi wake.

Mkono wa kushoto

Andika mahadhi yote kwanza, kutoka utangulizi hadi mwisho, kabla hujaweka kodi hata moja. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu mtunzi aliyelelewa na nyimbo za kwaya husikia kodi kabla ya mahadhi, na kodi zikitangulia zitaivuta safari yote kwenye njia ya tano kwenda ya kwanza, ile inayofunga kila ubeti wa tenzi za kanisani. Katika mughamu kufunga hufanywa na mahadhi yenyewe yanaposhuka kwenye nyumba kwa umbo maalumu. Ukiongeza ile kodi ya tano chini yake, umefunga mlango mara mbili.

Kinachofaa ni noti ya kudumu chini, kisha nafasi za nne na tano tupu, ambazo zinapatana na mafungu ya noti nne yaliyoujenga mfumo. Safari inapohamia kituo kipya, hamisha noti ya kudumu iende kwenye makao mapya, na hapo msikilizaji atajua kwamba mahali pamebadilika. Mbinu ya Kimagharibi inayokubaliana vizuri na mughamu ni ya Bach zaidi kuliko ya Chopin: sauti ya pili inaiga ya kwanza ikiwa imechelewa kidogo, kama kamancha inavyomfuata mwimbaji nyuma ya pumzi yake. Uigaji huo uufanye palepale au kwa hatua ya nne.

Ugumu wa Segah sasa unaonekana. Nyumba yake ni E, lakini ukiweka C kwenye besi sikio litaikimbilia C na kuiona E kama noti ya tatu ya kodi ya meja. Unaweza kuukubali utata huo na kuutumia, lakini uufanye kwa makusudi na karibu na mwisho. Anayeanza hujikuta ameandika kipande cha C meja kilichovaa kilemba.

Mapigo huru na mapigo yaliyopangwa

Sehemu kubwa ya mughamu haina kipimo cha mapigo, lakini haimaanishi kwamba ni ya ovyo. Urefu wa vishazi hutokana na mizani ya ghazali, silabi ndefu na fupi zikipokezana. Njia rahisi ya kuupata mwendo huo kwa mtu wa kwetu ni kuimba maneno. Chukua mshororo wa shairi la Kiswahili wenye mizani kumi na sita, ukwapi minane na utao minane, uughani juu ya noti za fungu la kwanza, vuta silabi iliyo kabla ya ya mwisho kama watu wetu wanavyofanya, kisha ondoa maneno na ubaki na umbo. Vishazi vyako vitapumua kama vya mtu anayesema. Kwenye karatasi usichore mistari ya kugawa mapigo katika sehemu hizi. Tumia alama za pumzi na noti ndogo za urembo.

Kati ya sehemu huru, Waazabajani huingiza reng, vipande vya ala vyenye mdundo wa dansi, na tasnif, nyimbo zenye mapigo. Nyingi huenda kwa sita kwa nane, mdundo ambao mwili wa mtu wa pwani unao tayari kutokana na ngoma. Kuna pia namna ya tatu inayoitwa zarbi mughamu, kama vile Heyratı na Qarabağ şikəstəsi, ambamo ala hushika mdundo imara huku mwimbaji akipita juu yake kwa uhuru wake. Kwa piano hii ni zawadi: mkono wa kushoto unashika mdundo mfupi usiobadilika, na wa kulia unachelewa, unawahi, unakaa kimya. Inahitaji mazoezi ya mikono tofauti kwa muda mrefu, na ningeiweka karibu na kilele, mahali pamoja tu.

Kwa kipande cha dakika sita, mgawanyo unaoweza kuanza nao ni utangulizi mfupi unaodokeza kilele, Maye ya dakika mbili hivi katika bam, reng fupi, vituo viwili vya kupanda, kilele chenye zarbi, na mteremko. Usilazimishe umbo la sonata. Sonata huishi kwa ugomvi wa nyumba mbili, na mughamu una nyumba moja ambayo mtu anaiacha na kuirudia.

Chombo, karatasi na jukwaa

Unyevu wa Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, huvimbisha mbao na kuyumbisha nyuzi, na muziki wenye noti ya kudumu na nafasi za tano tupu hufichua kila uzi uliolegea. Mwombe fundi aisawazishe piano karibu na siku ya onyesho. Ukiwa na kinanda cha umeme peke yake, hakikisha kina vifunguo 88 na pedali ya kweli, kwa sababu bila bam safari haina pa kuanzia.

Kazi ikikamilika nusu, mpigie kipande chako kwenye piano fundi wa kanuni au wa udi, uwe umempata katika vikundi vya taarabu vya mjini au ng'ambo ya bahari Unguja, na umwombe aseme ni wapi amehisi umeharakisha. Hataijua Shur kama Mwazabajani, lakini mtu aliyezoea taksim hutambua mara moja mahali ambapo kituo kimeachwa kabla ya kushiba. Marekebisho mengi yatakuwa ya kuongeza muda chini na kupunguza noti juu.

Unapoandika nakala safi kwa mpigaji mwingine, unaweza kuacha mahali pamoja pasipoandikwa, ukitaja tu jina la sehemu, noti za fungu na noti ya kufungia, kama Hacıbəyov alivyofanya katika opera yake ya 1908, ambapo sehemu za mughamu zilitajwa kwa majina na mwimbaji akaachiwa mwenyewe. Fanya hivyo ikiwa tu mpigaji huyo amesikiliza mfumo wenyewe. Vinginevyo andika kila noti. Katika ratiba ya onyesho taja jina la mfumo katika kichwa cha kazi, na kama kuna kishazi ulichokichukua moja kwa moja kutoka kwa rekodi ya mwimbaji fulani, mtaje naye, kwa kuwa mfumo ni mali ya wote lakini kishazi alichokitunga mtu siku ile mbele ya kipaza sauti ni chake.